Ile Tatu Nyekundu

Mke wa Mwalimu aliponiomba ninyamaze, nilipaswa kumkatalia palepale. Tulikuwa tumesimama langoni kwao, yeye ametoka sokoni na kapu la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mimi nimevua kofia kwa sababu nilikuja na neno zito. Alilisikiliza neno lenyewe, akaweka kapu chini, akaniomba. Nikasema, "Sawa, Mama." Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikidhani nimefanya jambo la huruma.

Ombi lenyewe nitalieleza. Lakini huwezi kulielewa kama hukumjua yule mzee, kwa hiyo acha nianze naye.

Mtaa mzima wa Nyakabiga tulimwita Mwalimu, hata sisi ambao hakutufundisha. Hesabu aliifundisha sekondari mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumwingia akilini. Vipande vya chaki aliviweka katika mfuko wa kanzu, na kila Ijumaa mkewe alimfuata mpaka barazani akimpangusa. "Unaenda kusali ao unaenda kufundisha malaika?" alimuuliza. Mwalimu alijibu kwamba malaika wakitaka atawafundisha, lakini wakae mbele, maana hapendi watu wanaojificha nyuma ya darasa.

Alikuwa mtu wa kuchelewa. Harusi alifika watu wakiosha masahani. Ukimwambia njoo saa nane, alikuja saa kumi akiwa na uso wa mtu aliyewahi. Na katika ikibuguzo, ule mchezo wetu wa kete na mashimo, alikuwa mwizi wa wazi kabisa. Alianzisha hadithi ya mkaguzi fulani wa shule wa zamani, na wewe ukiwa unacheka, kete zako mbili zilikuwa zimehamia upande wake.

"Mwalimu, umeniibia."

"Mi? Apana. Kete ilichoka huko kwako, ikakuja kupumzika huku."

"Na we ndiye mutu wa hesabu!"

"Muchezo ni muchezo," alisema. "Hesabu ni hesabu."

Na kweli, katika hesabu hakuwa na mzaha. Niliwahi kumwona akimfuata mtoto wa jirani barabarani, ndara mkononi, kumrekebishia jawabu alilompa vibaya asubuhi ile. Simu alikuwa nayo, na iliadhini mara tano kwa siku, lakini hakuitumia kukokotoa. "Simu ikijua, mi nimejua nini?" Ndivyo alivyosema kila alipoletewa.

Mimi aliniita Compteur, jina la Kifaransa la mita ya maji, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Baada ya kumaliza sekondari niliajiriwa kusoma mita, nikazisoma mpaka nikazeeka, lango baada ya lango, Nyakabiga, Mutakura, Mutanga Nord. Mita ya maji ina tarakimu nyeusi, kisha mwishoni ina nyekundu. Nyeusi ndizo zinazoandikwa. Nyekundu ni vipande vidogo vya maji, msomaji anaviacha. Miaka yote ile jicho langu lilijifunza kuishia pale rangi nyekundu inapoanzia. Naomba ulikumbuke hilo.

Sasa namba yenyewe. Namba tasa ni ile ambayo huwezi kuigawa kwa nyingine yoyote bila kubakiza kitu, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu aliipenda namba tasa moja kuliko zote: 73,939,133. Ukifuta tarakimu yake ya mwisho inabaki 7,393,913, nayo ni tasa. Futa tena, 739,391, tasa. Endelea hivyo, 73,939, kisha 7,393, kisha 739, kisha 73, mpaka ubaki na 7 peke yake. Zote tasa.

"Jengo ya ghorofa nane," alisema. "Unabomoa ya juu, ya chini inabaki imesimama, bila ufa. Nyumba zetu za Nyakabiga, ukigusa bati moja tu, jikoni kote kunavuja."

Alichotaka ni ghorofa ya tisa. Yaani aongeze tarakimu moja mwishoni, na namba mpya iwe tasa vilevile. Tarakimu shufwa hazifai, sifuri na tano hazifai. Ukiongeza moja au saba, jumla ya tarakimu zote inagawanyika kwa tatu, na namba nzima nayo inagawanyika. Zinabaki tarakimu mbili tu: tatu, na tisa. Ile ya tisa aliihangaikia muda mrefu akiwa bado kazini, mwishowe ikagawanyika, ikamfia mikononi. Ikabaki moja tu duniani, 739,391,333.

Ili kujua kama ni tasa, ilibidi aigawe kwa kila namba tasa ndogo mpaka apite kidogo elfu ishirini na saba na mia moja. Ukifika hapo unaweza kusimama, kwa sababu kama kuna kubwa zaidi inayoigawa, mwenzake mdogo ungekuwa umeshakutana naye. Namba za kujaribu ni karibu elfu tatu. Kwa mkono.

Mwanzoni nilidhani ni uzee. Kisha nikafahamu. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika binti yao mkubwa. Tangu mazishi Mwalimu alikaa chumbani akitazama ukuta, hafungui dirisha, ndevu zimemjaa. Siku moja akatoka, akamwomba fundi amtundikie ubao barazani, akaandika ile namba. Mkewe aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipokula sahani yake yote.

Akanihitaji mimi kama mkono wa pili. "Moja yako, moja yangu," alisema. Jedwali la zamani la shule, lenye namba tasa, alilibandika karibu na mlango, na tulilifuata kwa zamu. Masharti yalikuwa mawili. Ukimaliza kugawa, taja baki kwa sauti. Kisha futa. Hakutaka tuandike popote. Alisema mtu anayejua kwamba kazi yake itakaguliwa baadaye anafanya kwa ulegevu, lakini mtu anayeaminiwa neno lake anakaza macho. Na tarakimu ya mwisho, ile tatu iliyokuwa ghorofa yenyewe, aliiandika kila mara kwa chaki nyekundu ili tusisahau tunachotafuta.

Ilikuwa katika wiki za mwanzo. Yeye alimaliza mia moja kumi na tatu, ikabakiza, akafuta. Zamu yangu, mia moja ishirini na saba. Mvua ilikuwa imeshafunika milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, upepo unarusha vumbi barazani, na mke wangu ananiita kwa sauti kutoka kwetu, nyumba ya pili, nije niingize godoro lililoanikwa.

"We Compteur! Godoro inalowa ao hesabu inalowa?" Mwalimu alicheka.

Niliharakisha. Nikafika kwenye mia moja kumi na nne. Jicho langu likasoma nyeupe ya mwisho, likaona nyekundu, likaishia pale, kama lilivyoishia kwenye mita zote za maisha yangu.

"Imebaki ngapi?"

"Mia moja kumi na ine."

Mwalimu aliruka. "Mia moja kumi na ine! Sura za Kurani! Alhamdulillahi!" Alinishika mabega akanitikisa. Mvua ikaanza, nikafuta ubao kwa kiganja, nikakimbilia godoro.

Tangu siku hiyo baki lile likawa hadithi yake. Alilisimulia msikitini, alilisimulia kwa kinyozi. Kwamba namba yake ilipogawanywa kwa mia moja ishirini na saba, ilibakiza idadi ya sura za Kitabu. Alisema ni dalili ya heri.

Karibu mwaka ulipita. Asubuhi moja mita ya nyumbani kwangu ilikuwa inavuja, nikapiga magoti kuifuta matope. Tarakimu nyekundu ilikuwa inazunguka polepole. Niliitazama, nikaikumbuka ile tatu ya Mwalimu. Nikachukua kijiti nikaandika pale chini kwenye udongo. Mia moja kumi na nne, teremsha tatu, elfu moja mia moja arobaini na tatu. Mia moja ishirini na saba mara tisa ni elfu moja mia moja arobaini na tatu.

Sifuri.

Nilirudia mpaka udongo ukaisha nafasi. Namba ya Mwalimu ilikuwa imegawanyika zamani, mikononi mwangu. Na kila alichokifanya baada ya pale kilikuwa bure.

Ndipo nilipokwenda kwake na kofia mkononi, nikamkuta mkewe langoni. Nilimweleza yeye kwanza. Nadhani nilitaka anisaidie kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "we unajua alikuwa namna gani kabla ya ile ubao. Unajua. Mi nilikuwa nalala na maiti inayopumua. Sasa anaamka, ananyoa, anaulizia chai. Mi nakuomba. Umuache nayo."

"Lakini Mama, ni bure."

"Kuamka si bure."

Nilipaswa kumjibu kwamba maisha ni ya Mwalimu, na namba ni yake, na mwenye kuamua ni yeye. Nikasema sawa.

Miaka iliyofuata sipendi kuikumbuka. Kila alasiri nilisimama naye barazani, nikagawa namba niliyojua kwamba imekufa, nikataja mabaki. Safari hii nilikuwa mwangalifu ajabu. Sikuikosa tena ile tatu hata mara moja. Macho yake yalianza kuingia ukungu. Daktari alimwambia ayapumzishe. Akanunua chaki nene zaidi, akaandika tarakimu kubwa kama viganja, akaendelea. Mara nyingi nilifungua mdomo.

"Sema," alisema akigeuka. "Unataka nini? Umechoka?"

"Apana, Mwalimu. Ni koo tu."

"Kunywa chai. Bado tuko mbali."

Kuna nyakati niliona heri aachwe ashindwe tu na uzee kabla hajafika. Fikra mbaya, lakini nilikuwa nayo. Hakushindwa. Alifika. Alasiri aliyomaliza ya mwisho aliweka chaki chini, akainama akasujudu palepale barazani, kisha akaamka akanikumbatia, na machozi yake yakanilowesha shingo. "Imesimama, Compteur. Ghorofa ya tisa imesimama." Nyuma ya bega lake mkewe alikuwa mlangoni. Tulitazamana, tukashusha macho.

Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, sasa mwalimu katika shule moja ya Mutanga Nord, aliposikia kwamba mzee amemaliza kazi kubwa kwa mkono, alimwalika aje kuwaonyesha wanafunzi. Yule mwalimu hakuuliza zaidi. Alitaka tu watoto waone mtu anayefikiri bila simu. Nilimfuata mke wa Mwalimu jikoni.

"Mama, tumwambie leo."

"Kesho ikipita, shemeji. Watapiga makofi, watarudi kwao. Nani atagawa?"

Tulisahau tuliyekuwa tunamzungumzia.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alivaa kanzu mpya, mfuko safi. Sisi wawili tuliketi mstari wa mbele. Alieleza jengo lake ghorofa baada ya ghorofa, akifuta tarakimu moja moja, na wanafunzi walimpenda upesi, kama watu wote. Kisha akaandika namba kubwa, na mwishoni akachukua chaki nyekundu akaandika tatu.

"Sasa," alisema, "nitawaonyesha namna tulifanya. Na nitachukua ile moja naipenda zaidi."

Akaandika 127.

Mke wa Mwalimu alinishika kifundo cha mkono. "Shemeji. Si ile?"

"Ndiyo, Mama."

"Simama. Musimamishe. Sema tunaenda, sema unaumwa, sema kitu."

Alikuwa amenifungulia mdomo. Ahadi niliyompa, alinirudishia pale pale, kucha zake zimezama katika ngozi yangu. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, Mwalimu, njoo kidogo nje. Miguu ilikuwa mizima. Nilitazama sakafu, na viatu vyangu, na sikusimama.

Alikuwa anagawa kwa sauti kama anayeimba. Tano. Nane. Mbili. Moja. Tisa. Saba. Chaki ilikuwa inalia kwenye ubao. "Na hapa, watoto wangu, tazameni! Mia moja kumi na ine! Idadi ya sura za..."

"Mwalimu," sauti ya msichana ilitoka nyuma, "bado ile nyekundu."

Ukumbi ulicheka. Naye akacheka, akajipiga paji la uso. "Asante, mama. Macho ya uzee." Akateremsha tatu. Akanong'ona elfu moja mia moja arobaini na tatu. Akaandika tisa. Akatoa.

Nilisikia chaki ikiandika duara.

Alisimama akiitazama sifuri, pua karibu iguse ubao. Akapitisha kidole gumba hatua baada ya hatua, kutoka juu mpaka chini. Wanafunzi hawakujua bado kwamba kuna jambo. Mwishowe aligeuka.

"Haya," alisema. "Mumeona wenyewe. Imegawanyika. Ghorofa ni nane, ya tisa haiko. Zamani niligawa vibaya. Mi ndiye nilikosea." Akauinamishia ukumbi kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akitoka msibani. "Yule aliyeniambia bado ile nyekundu, mumupigie makofi."

Wakapiga.

Katika teksi alikaa mbele. Tulipokaribia Nyakabiga alisema bila kugeuka, "Compteur, ulikuwa unajua?"

"Apana, Mwalimu."

Mkewe alikuwa kando yangu. Aligeukia dirisha, na mimi sikumtazama.

Ubao uliondoka barazani wiki hiyohiyo. Fundi aliutumia kuzibia banda la kuku. Mwalimu hakurudi kuutazama ukuta, kama mkewe alivyoogopa. Alinyoa, alikunywa chai, alikwenda kusali. Yale tuliyomkinga nayo aliyabeba vizuri kuliko sisi. Ila macho yalikuwa yamekwisha. Ukungu ulifunga kabisa, na daktari alisema kama angeyapumzisha mapema pengine yangesaidika.

Nilikaa miezi kadhaa kabla ya kwenda. Nilimkuta barazani na ubao wa ikibuguzo, akihesabu kete kwa vidole. Alinitambua kwa hatua, akanionyesha kiti. Tulicheza. Nilingoja hadithi ya mkaguzi wa shule. Haikuja. Vidole vyake vilikwenda shimo kwa shimo, vikaacha kete zangu kama zilivyo. Nikashinda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikajua kuna jambo limekwisha.

"Mwalimu, nilikuwa najua," nikasema.

"Najua."

"Mama alikuambia?"

"Apana. Mama hakusema kitu. Ni we mwenyewe." Aliendelea kukusanya kete. "Pale shuleni nilikuwa bado naona kidogo. Nilipoandika mia moja ishirini na saba niligeuka kuwatazama. Watoto wote walikuwa wanatazama ubao. We peke yako ulikuwa unatazama chini. Na mi bado sijagawa hata tarakimu moja."

Nikamweleza yote: mvua, godoro, mita, udongo, kapu la ndagala. Sikuficha.

"Kuiruka ile tatu, hiyo ni jicho," alisema. "Mi mwenyewe nimekosea mara ngapi. Hiyo haina neno. Lakini ulisimama hapa, karibu na bega langu, ukanitajia mabaki kila siku. Ulikuwa unanitazama."

"Mama aliniomba, Mwalimu."

"Mama aliomba. We ndiye ulikubali." Kisha akanyoosha mkono, nikaushika, ukiwa hauna chaki. "Nimekusamehe, Bwana."

Bwana. Ndivyo alivyoita watu wa ofisini, na wageni waliokuja kuuliza njia.

Aliishi miaka michache zaidi, na nilimtembelea mpaka mwisho. Kila mara nilipewa chai, niliulizwa habari za watoto, nilichezewa mchezo wa haki bila kete moja kuhama. Hakuniita tena Compteur.

Niliponyamaza nilitaka asipoteze namba yake. Aliipoteza vilevile, mbele ya watu, na kabla ya hapo nilimwacha aimalizie macho yake. Mimi nilimpoteza rafiki yangu akiwa bado mzima, amekaa mbele yangu, akinikaribisha chai kwa heshima anayopewa mgeni.